Mkimbiaji wa Khurshid Anjum

Kila mara Khurshid Anjum alipoulizwa kwenye televisheni jinsi nyota yake ilivyoanza kung'ara, alieleza kisa kilekile, na kila alipokieleza, mtaa wa Dharampura ulicheka upya kana kwamba haujawahi kukisikia.

"Siku ya majaribio ya timu ya taifa," alikuwa akisema, akiweka mguu mmoja juu ya mwingine, "nilikuwa uwanjani na mdogo wangu Naimat, mtoto wa mama mdogo. Nikaupiga mpira pembeni, nikaona hapa pana mbio moja ya bure. Nainua macho, namwona yuko katikati, anatembea kama bi harusi anayepelekwa kwa mume! Wakamtoa, maskini. Nikajiambia, Khurshid, leo cheza kwa niaba ya watu wawili."

Mtangazaji alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi. Na kesho yake asubuhi Naimatullah Kamboh, fundi wa karakana ya mabehewa, mwenye mvi kwenye masharubu na mabinti wawili nyumbani, alikuwa akipita mbele ya kibanda cha chai cha Bhola akisikia sauti kutoka kwenye benchi la nyuma: "Bi Harusi, taratibu, usikanyage pindo la nguo!"

Kisa chenyewe kilikuwa cha uongo. Si chote, na hilo ndilo lililomkera Naimat kuliko yote, kwa maana uongo mtupu mtu anaweza kuukanusha na akaeleweka. Ni kweli alitolewa. Ni kweli alionekana amesimama katikati ya uwanja kama mtu aliyepotea njia. Kilichoachwa ni neno moja tu, na neno hilo ndilo lililogawa maisha ya watu wawili.

Katika kriketi wapigaji huwa wawili, mmoja kila upande wa ukanda wa kuchezea, na mbio huhesabiwa wanapopishana na kila mmoja kufika upande wa mwenzake kabla mpira haujarudishwa ukaangusha vijiti. Hakuna anayetoka kwa kukisia. Aliyeupiga mpira huita, mwenzake hukimbia bila kugeuza shingo, kwa kuwa amemwachia aliyeita macho yake na akili yake. Siku ile Khurshid aliita, "Njoo!" Naimat akatoka mbio. Alikuwa amekwisha kupita mbio sitini, amecheza vizuri kuliko siku yoyote, na wateuzi waliokaa chini ya hema walikuwa wamesahau biskuti zao. Alipofika katikati, Khurshid, ambaye hakuwa amesogea zaidi ya hatua mbili kutoka mahali pake, aliinua kiganja akapiga kelele, "Rudi!" Hapakuwa na kurudi. Vijiti vilianguka huku Naimat akiwa bado anajizuia viatu visiteleze. Hema lilikuwa mbali. Wateuzi waliona kijana aliyezubaa, sauti hawakuisikia.

Jioni ile nyumba ilijaa watu, na Khurshid, ambaye ndiye aliyeteuliwa, alikuwa analishwa ladu, vile vidonge vitamu vya sherehe, na kila shangazi aliyepita. Naimat alisimama karibu na mlango akingoja kaka yake aseme. Hakuwa na shaka kwamba angesema. Mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya wageni. Kazi ya kusema ilikuwa ya mkubwa. Khurshid alimwona, akamwita kwa mkono, akamtia ladu mdomoni, akawaambia watu, "Huyu naye zamu yake itakuja, inshallah, akijifunza kukimbia." Watu wakacheka. Naimat akatafuna, akameza.

Miaka iliyofuata haina haja ya kuelezwa kwa urefu, maana mmoja wao aliiishi hadharani. Khurshid alipiga mbio zake mia za kwanza Karachi akiwa na homa. Madereva wa riksho walibandika sura yake nyuma ya magari yao, kati ya mchoro wa tausi na shairi la mapenzi. Alipostaafu alipata kiti kwenye studio. Naimat aliajiriwa na karakana kwa ajili ya gongo lake la kriketi, kama ilivyokuwa desturi ya enzi zile: mabenki, viwanda na idara zilikuwa na timu zao, na mchezaji alisaini kila asubuhi jina lake ofisini kisha akaenda uwanjani. Timu ilipovunjwa, wakubwa walimwambia achague kati ya mlango na magurudumu ya mabehewa. Akachagua magurudumu. Jumapili aliichezea klabu ya mtaani, Aftab, ambayo ndiyo iliyowalea wote wawili.

Huenda mtu mwenye moyo mkubwa angesahau. Naimat mwenyewe alijiuliza mara nyingi kama hasira yake haikuwa wivu uliovaa nguo safi. Alijipima kwa uaminifu. Je, kama asingetolewa siku ile, angefika alikofika Khurshid? Hakujua. Pengine mtupaji mpira wa kwanza wa kutoka ng'ambo angemwaibisha, akarudi Dharampura baada ya msimu mmoja. Lakini hakuwa akidai umaarufu. Alidai neno moja lirudishwe mahali pake, na kila alipolichunguza dai hilo aliliona ni dogo, na udogo wake ndio uliomfanya ashindwe kuelewa kwa nini halikulipwa.

Kilichomwasha ni binti yake mkubwa, Areeba, kurudi kutoka chuoni siku moja na kutupa mkoba wake kitandani.

"Leo wameniita Binti Bi Harusi," alisema. "Mwalimu naye akacheka, baba. Mwalimu!"

Tasneem, mke wa Naimat, aliacha kukatakata vitunguu. "Usimtazame baba yako hivyo. Unadhani yeye anafurahi?"

"Sijui kama anafurahi. Hasemi kitu."

Naimat alichukua simu akatoka nayo kwenye ngazi, akampigia Khurshid.

"Assalam alaikum, bhai," alisema, kama mdogo anavyomwita kaka yake.

"Naimat! Mzima wewe? Mama mdogo hajambo? Magoti yake?"

"Hajambo. Bhai, kile kisa."

"Kisa gani?"

"Cha bi harusi."

Kicheko kilijaa simu. "Watu wanakipenda kisa kile, bwana! Juzi waziri mmoja kaniomba nikirudie mezani."

"Mimi sikipendi."

"Utani tu, Naimat."

"Uliita wewe. Ukanirudisha wewe."

Kicheko kilikatika. "Miaka yote hii umeliweka moyoni jambo hilo?"

"Miaka yote hii umelisema kwenye televisheni."

Khurshid akashusha pumzi. Kisha akawa mpole, na katika upole alikuwa hana mpinzani. Alieleza kwamba mwezi Machi angekuja kuichezea Aftab mchezo mmoja dhidi ya mahasimu wao, Hilal. Watu wa televisheni wangefuatana naye kumpiga picha akiwa kwenye uwanja wa utotoni. "Baada ya mchezo watanipa kipaza sauti. Nitasema palepale. Mbele ya mtaa mzima nitasema kwamba mimi ndiye niliyeita. Wallahi."

"Umeapa, bhai."

"Nimeapa. Haya, mwambie mama mdogo aandae samosa."

*

Jumapili yenyewe uwanja ulijaa mpaka kwenye kuta. Khurshid alishuka kutoka kwenye gari jeupe, tumbo limemtangulia, goti la kulia limefungwa bendeji nene. Alikumbatia kila mtu. Alimkumbatia Ijaz, muuza ladu mwenye mwili wa mpiga mieleka, ambaye ndiye aliyekuwa mlinda vijiti wa Hilal.

"Ijaz, bado unakula akiba ya duka?"

"Nakula, bhai. Wewe mwenzangu sijui unakula duka la nani."

Hilal walicheza kwanza wakaweka mbio za kutosha. Zamu ya Aftab ilipofika, Naimat alifungua mchezo, na tangu mpira wa pili alijua kwamba mikono yake imeamka vizuri. Hakupiga kwa nguvu. Aliusindikiza mpira tu, akauacha ujiendee kwenye nyasi tupu. Hata wale wa benchi la Bhola walitulia. Wenzake wawili walitolewa, naye akabaki. Kisha ikasikika shangwe ambayo haikuwa yake. Khurshid Anjum alikuwa akiingia uwanjani, gongo begani, akichechemea kidogo, mwanga wa kamera ukimfuata.

"Unacheza vizuri, mdogo wangu," alisema walipokutana katikati. "Nisikilize mimi tu."

"Goti lako?"

"Goti halipigi mpira. Nisikilize mimi."

Khurshid alipiga mpira mmoja wa kuvutia. Alipiga wa pili. Wa tatu aliusukuma mbele yake kwa upole, ukaviringika kuelekea kwa mzuiaji aliyekuwa karibu, na sauti ile, nzito kidogo kwa umri lakini ni ileile, ikaita, "Njoo!"

Kuna mambo ambayo mwili hauombi ushauri. Naimat alikwisha kutoka kabla hajakumbuka ni nani aliyemwita. Alifika katikati. Akainua macho, akaona kiganja.

"Rudi! Rudi, rudi!"

Aligeuka. Alijitupa chini kwa urefu wake wote, kifua kikakwaruza udongo, na juu ya kichwa chake akasikia vijiti vikianguka, sauti ndogo kavu kama ya vikombe vinavyogusana. Mtu mmoja kutoka ukutani akapaza sauti, "Bi Harusi ameanguka!" na vicheko vikaporomoka kutoka pande zote.

Naimat alitoka bila kumtazama mtu. Alifika chini ya hema, akavua helmeti akaitupa, ikamgonga Shabbir, nahodha wa Aftab, kwenye paja.

"Wee! Mimi nimekosa nini?"

"Umesikia aliyeita?"

"Nimesikia."

"Useme basi! Nenda ukawaambie wale wajinga ukutani!"

Shabbir alijikuna shingo. "Naimat bhai, kamera ziko hapa. Leo ni siku yake. Mwishoni si amesema atazungumza? Keti unywe maji."

Ndiyo, mwishoni. Naimat aliketi. Alikunywa kidogo, mengine akayamwaga kwenye vikinga vya miguu ambavyo alikuwa hajavivua. Alijiambia kwamba kiapo bado kipo. Kwamba mtu aliyeapa akakosea tena palepale, atakuwa na sababu mbili za kusema badala ya moja. Alijiambia hivyo akijua kuwa anajibembeleza kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa.

Hazikupita dakika nyingi goti la Khurshid likamsaliti. Alipiga mpira, akajizungusha, akaenda chini akilishika. Walimsugua, wakamnyanyua. Angeweza kusimama na kupiga, lakini si kukimbia. Kwa hali kama hiyo sheria ya mchezo inaruhusu mkimbiaji: mtu wa timu ileile, ambaye zamu yake ya kupiga imekwisha, avae kila alichovaa mpigaji, ashike gongo, asimame pembeni karibu na mwamuzi, na mpira ukipigwa akimbie kwa niaba ya aliyeumia. Aliyeumia hubaki mahali pake. Mbio zote huandikwa kwa jina lake.

Khurshid aliinua glavu yake akaelekeza hemani. "Naimat!"

"Siendi," alisema Naimat.

"Naimat bhai," alisema Shabbir.

"Wamo wengine waliokwisha kutolewa. Mchukue yeyote."

"Mwamuzi amekubali, wewe umevaa tayari, watu wanangoja. Ukikataa watasemaje? Watasema umesusa kwa sababu umetolewa. Watakutungia kisa kingine."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomnyanyua. Aliokota helmeti akarudi uwanjani huku ukuta ukishangilia kwa dhihaka. Alipita karibu na Khurshid.

"Umenirudisha tena," alisema kwa sauti ya chini.

"Jua liliniingia machoni."

"Jua liko mgongoni mwako."

Khurshid alitazama juu kana kwamba anahakikisha. "Tutaongea baadaye. Kimbia tu vizuri."

Basi akakimbia. Kuanzia pale mpaka karibu na mwisho, kila mbio aliyoipata Khurshid Anjum ilipatikana kwa miguu ya Naimat, na kila mara mwandishi wa hesabu alipobadilisha tarakimu ubaoni, alizibadilisha chini ya jina la Khurshid. Kilichomuumiza Naimat si hilo peke yake. Kilichomuumiza ni kwamba mapigo yenyewe yalikuwa mazuri. Kwa mguu mmoja mzima, kwa tumbo lile, kaka yake bado alikuwa na kile kipawa cha kuuona mpira mapema kuliko binadamu wengine, na gongo lilipougusa halikutoa kelele, lilitoa mlio mwororo kama mlango mzuri unaofungwa. Naimat alikimbia akiwa anamchukia na anamstahi, na alishindwa kuvitenganisha, na kushindwa huko kukamzidishia hasira. Mtu mwenye kipawa kama hiki alikuwa na haja gani ya kuiba kidogo cha mwenzake?

Mpira wa mwisho ulifika na Aftab wakihitaji mbio mbili washinde, moja watoke sare. Wachezaji wao wengine wote walikuwa wamekwisha kutolewa. Upande wa pili wa ukanda alisimama kijana mmoja mtupaji, asiyejua sana kushika gongo lakini mwenye mbio. Mpiga picha alikuwa amesogea mpaka kwenye mstari wa uwanja.

Khurshid aliupiga mpira ukapita kati ya watu wawili. Uwanja mzima ukasimama. Naimat akatoka kama mshale kutoka pembeni, akapishana na kijana, akafika upande wa pili, akageuka. Mbio ya kwanza ilikuwa salama, na ya pili ilikuwapo, aliiona waziwazi. Akaita, "Njoo!" Kijana akatoka. Naimat akakimbia akiwa ameinamisha kichwa, na katikati ya njia akahisi kuna mtu mwingine anakuja mbio upande wa kinyume, akipita kando yake.

Alikuwa Khurshid. Gongo juu, bendeji inafunguka na kuburura chini, kinywa wazi, macho kwenye kamera. Shangwe ilikuwa imemwita na yeye akaitikia, kama alivyoitikia shangwe maisha yake yote, akasahau kabisa kwamba ana mkimbiaji.

"Rudi!" alipiga kelele Naimat. "Bhai, rudi kwako!"

Mpira uliruka kutoka mbali ukatua mikononi mwa Ijaz. Ijaz alitazama, hakuamini, akatabasamu. Naimat alikuwa amekwisha kufika salama. Lakini sheria haimwangalii mkimbiaji peke yake: aliyeumia akitoka mahali pake na vijiti vya upande wake vikaangushwa, ametolewa, hata kama mkimbiaji wake amefika na kurudi mara kumi, na mbio za mpira ule hazihesabiwi. Ijaz aliviangusha vijiti polepole, kwa adabu, kama mtu anayegonga mlango wa wakubwa. Mwamuzi, mzee Munawar, mwalimu mstaafu, aliinua kidole.

Aftab walishindwa. Khurshid Anjum alibaki amesimama katikati ya ukanda, anahema, akitazama huku na huku kutafuta wa kumtazama.

*

Kipaza sauti kiliwekwa mbele ya hema. Mtangazaji kijana, Farrukh, alikuwa na nywele zilizopakwa mafuta na haraka ya mtu anayewahi barabara kabla haijajaa. Watu waliwazunguka. Naimat alisimama mstari wa mbele, vikinga vikiwa bado miguuni. Areeba naye alikuwapo, kando ya mama yake, dupatta, mtandio wake, ameibana chini ya kidevu.

"Khurshid saheb, mchezo gani huu! Ule mpira wa mwisho ulikuwaje?"

Khurshid alifuta jasho. Alimwona Naimat. Kwa kitambo uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetafuta neno, na Naimat, pamoja na yote, alihisi kifua chake kinafunguka.

"Nitawaambia ukweli," alisema Khurshid. "Ni lazima niwaambie ukweli." Akatua. Watu wakanyamaza. Na ukimya ule ulikuwa mtamu mno kwake. Ilionekana jinsi ulivyomwingia. "Maisha yangu yote nimemlaumu mdogo wangu huyu kwamba anakimbia kama bi harusi. Leo nimempa kazi ya kunikimbilia, akakimbia kama farasi wa mashindano! Tatizo ni kwamba aliponiona nimetulia akaniita na mimi! Nasikia 'Njoo!' Mimi ni nani nikatae wito wa bi harusi?"

Kicheko kilipasuka. Farrukh aliinama akishika tumbo. Na kila aliyeijua kriketi mahali pale, yaani watu wote, alijua kwamba mkimbiaji humwita mwenzake wa upande wa pili na si aliyeumia, na kwamba sauti iliyosikika mwishoni ilisema "Rudi." Walijua, wakacheka. Mzee Munawar alitazama viatu vyake.

Naimat alipiga hatua mbele. "Bhai, umeapa. Sema nani aliita."

"Mnamwona? Amekasirika!"

"Sema nani aliita siku ya majaribio. Sema nani ameita le—"

Khurshid alifungua mikono akamvuta kifuani. Alikuwa mtu mzito, na mkono wake mmoja ulikamata kisogo cha Naimat ukakibana begani, kwa hiyo maneno yaliyobaki yaliishia kwenye jezi yenye jasho. Makofi yakalipuka. Mtu akasema, "Ndugu ni ndugu!" Mpiga picha alizunguka kupata upande ulio bora. Picha hiyo, ya ndugu wawili wamekumbatiana baada ya kushindwa, ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima kabla ya sala ya magharibi, na wengi walikiri kwamba iliwatoa machozi.

*

Hamida Bibi, mama yake Naimat, alikuwa ameiona pia. Khurshid alipoingia nyumbani kwao jioni ile, alimpapasa kichwa, akamketisha kwenye kochi lenye foronya za sikukuu, akamwekea samosa, akamimina chai yenye sukari nyingi kama alivyoipenda tangu utoto.

"Mmenifurahisha," alisema. "Mlivyokumbatiana."

"Naimat hajafurahi, mama mdogo."

"Kwa mchezo wa mpira? Naimat, mwombe kaka yako radhi."

Naimat alikuwa amesimama karibu na kabati. Tasneem alitazama sakafu. Areeba alikuwa mlangoni, na hakujificha.

Khurshid alipuliza chai, akanywa kidogo. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimfanya awe mkweli, au pengine ni kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na hapakuwa na kamera. "Sawa," alisema. "Sawa, ndugu yangu. Niliita mimi. Siku ile niliita mimi, na leo nimeita mimi, na ule wa mwisho nilisahau, basi. Umeridhika?"

Hamida Bibi alimtazama mpwa wake, kisha mwanawe, kisha samosa.

Naimat alikuwa amelingoja neno hilo tangu masharubu yake yalipokuwa meusi. Sasa limekuja, na alishangaa kuona kwamba halikumgusa popote. Lilikuwa limesemwa na mtu anayetafuna.

"Hapa tuko jamaa tu," alisema. "Kibanda cha Bhola kiko chini hapo, na kimejaa. Nenda ukaseme maneno hayohayo. Huhitaji kamera. Kisha urudi, chai nitakupashia moto mimi mwenyewe."

Khurshid alicheka kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Niende kibandani kujieleza?"

"Kisa ulikipeleka wewe. Wewe ndiye wa kukirudisha."

"Naimat, sikiliza. Mimi si mtu tu. Mimi ni jina. Watu wanakula kwa jina hili, nyumba zaidi ya moja. Nikianza kuondoa tofali moja..." Alikata samosa vipande viwili. "Wewe hakuna anayekutazama. Kwako utani huu unapita. Hata hivyo, si nimesema? Nimekwisha sema."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Hilo Naimat alilikumbuka baadaye alipojaribu kujihukumu kwa haki: kwamba hapakuwa na ubaya katika sauti ile, na kwamba labda mtu aliyesikilizwa maisha yake yote hawezi tena kusikia tofauti kati ya chumba na uwanja. Lakini wakati ule hakuhukumu chochote. Alikwenda mpaka kwenye kochi, akainama, akakichukua kikombe kutoka mkononi mwa kaka yake.

"Chai imekwisha, bhai."

Ilikuwa zaidi ya nusu, na mvuke ulikuwa ukipanda.

"Astaghfirullah!" Hamida Bibi alijipiga kifua. "Naimat! Mgeni! Mtoto wa dada yangu, ndani ya nyumba yangu! Rudisha! Nimesema rudisha!"

Hakurudisha. Khurshid alibaki na mkono wake ukiwa bado umepinda mahali kikombe kilipokuwa. Alitazama nyuso moja baada ya nyingine, kama mtu anayengoja sehemu ya kuchekesha ifike. Haikufika. Alijinyanyua kwa shida, goti likimsumbua, akambusu mama yake mdogo kwenye paji la uso. Mlangoni Areeba alimpisha. Wakasikia ngazi, hatua nzima na hatua ya kuburura, kisha mlango wa gari, kisha sauti za watu wa kibandani wakiitana, "Khurshid bhai! Khurshid bhai, picha moja!" na sauti yake ikiwajibu, changamfu, kana kwamba haijatoka kwenye chumba kile.

Mama yake alikuwa akilia na kumlaani kwa pamoja. Aliuliza atamtazamaje dada yake. Aliuliza ni shetani gani. Naimat hakuwa na uhakika kwamba alikuwa amefanya jambo la haki. Alijua tu kwamba hasira haikupungua hata kidogo, na kwamba kwa mara ya kwanza ilikuwa imesimama mahali ambapo kila mtu chumbani aliweza kuiona. Kikombe kilimchoma vidole. Alikaa kwenye kochi, mahali penye joto la mtu mwingine, akainywa ile chai mpaka chini, ingawa sukari ilikuwa nyingi mno.